Dola 24,000 za dada na fomu namba 8606

Dada yangu, ambaye ni muuguzi Marekani, alikuja Mtwara mwanzoni mwa Januari 2025 kumwona mama, na chini kabisa ya sanduku lake, baada ya viatu vya watoto na manukato ya shangazi kutolewa, kulikuwa na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi za kodi. Mimi ni mhasibu. Ninashughulikia vitabu vya vyama vya msingi vya korosho, na sijawahi kujaza ritani ya Marekani kwa ajili ya mtu yeyote. Hata hivyo aliniwekea bahasha ile mezani, akasema, “Mdogo wangu, wewe ndiye unayejua hesabu humu ndani.” Tukakaa barazani Shangani jioni nne mfululizo, mvua ikiruhusu, tukitafuta jambo moja tu: ni kiasi gani cha fedha katika akaunti yake ya kustaafu kilikuwa kimekwisha kulipiwa kodi.

Akaunti yenyewe huitwa IRA, nayo imekuwapo katika sheria za Marekani tangu mwaka 1974. Mtu huiweka mwenyewe, nje ya mpango wa mwajiri, na katika ile ya kawaida mchango wake huondolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi, kisha kodi hulipwa uzeeni fedha zinapotolewa. Lakini mtu ambaye tayari yumo katika mpango wa kustaafu wa mwajiri wake, na kipato chake kimevuka kiwango fulani, hunyimwa punguzo hilo. Kwa wanandoa wanaojaza ritani ya pamoja, kwa mwaka 2024 punguzo la aliyemo katika mpango wa kazini lilianza kupungua kipato kilipofika dola 123,000 na kuisha kabisa kilipofika dola 143,000. Sheria haimzuii kuweka fedha. Inamwambia tu kwamba aziweke zikiwa zimekwisha kukatwa kodi, na mlango huo umekuwa wazi tangu mwaka wa kodi 1987.

Kwetu jambo hili halimsumbui mtu wa mshahara. Mchango wake wa NSSF au PSSSF hutolewa kwenye mshahara kabla ya PAYE kukokotolewa, mwajiri hufanya hesabu yote, na mfanyakazi huona tarakimu tu kwenye hati ya mshahara. Nadhani ndiyo maana dada, baada ya miaka yote aliyokaa huko, bado aliamini kwamba kuna ofisi mahali fulani inayomkumbukia fedha zake.

Hakuna. Benki au kampuni inayotunza akaunti hutoa fomu 5498, inayoonyesha mchango uliopokelewa, lakini fomu hiyo haisemi kama mwenye fedha alipewa punguzo au hakupewa. Tena hufika mwishoni mwa Mei, wakati watu wengi wamekwisha kuwasilisha ritani zao. Mahali pekee ambapo mwenye akaunti hutamka kwamba mchango huu haukupunguziwa kodi ni fomu 8606, inayoambatishwa kwenye ritani ya mwaka husika. Mstari wa 1 hubeba mchango wa mwaka huo, mstari wa 2 hubeba jumla iliyotoka miaka ya nyuma, na mstari wa 14 hutoa jumla mpya itakayohamia mwaka unaofuata. Jumla hiyo Wamarekani huiita msingi. Nilicheka kidogo, kwa kuwa mimi siku zote ninapotaja msingi huwa ninazungumzia chama cha wakulima.

Dada alichangia dola 6,000, kiwango cha juu cha wakati huo kwa mtu asiyefika miaka 50, kwa kila mwaka kuanzia 2019 hadi 2022, na hakuomba punguzo hata mara moja. Ritani ya 2019 aliijaza mwenyewe kwa programu ya kompyuta, na fomu 8606 ilikuwamo. Kuanzia 2020 alimpa kazi mtayarishaji wa kulipwa, ambaye hakuomba punguzo, jambo lililokuwa sahihi, ila hakujaza fomu hiyo kwa miaka mitatu mfululizo. Kwa hiyo karatasi zilionyesha msingi wa dola 6,000, ilhali ukweli ulikuwa dola 24,000.

Kosa hilo lingeweza kulala miaka mingi bila kuuma, kwa sababu halibadilishi kodi ya mwaka wowote ambao fedha hazikutolewa. Liliuma kwa kuwa mwaka 2024 dada alitoa dola 8,000 za ada ya chuo ya mwanawe. Gharama za elimu ya juu humwondolea mtu ile kodi ya ziada ya asilimia 10 inayotozwa anayetoa fedha kabla ya kufika miaka 59 na nusu, lakini hazimwondolei kodi ya kawaida ya mapato. Fomu 1099-R, ambayo kampuni hutoa kuonyesha fedha zilizotoka kwenye akaunti, aliipakua kwenye simu mwishoni mwa Januari, nayo ilionyesha dola 8,000 zote kama kiasi kinachotozwa kodi, na pembeni kisanduku kidogo kilichotiwa alama kwamba kiasi halisi cha kutozwa hakikujulikana. Kampuni ilikuwa imejivua mzigo kwa alama moja.

Katika hesabu yenyewe ndipo nilipofurahi kuwa mhasibu. Mtu haruhusiwi kusema kwamba ametoa kwanza zile fedha zilizokwisha kulipiwa kodi, bali kila dola inayotoka huhesabiwa kuwa mchanganyiko wa akiba yote, na akaunti zake zote za IRA za kawaida, hata zikiwa katika kampuni tofauti, huchukuliwa kama ghala moja. Ni sawa na korosho zilizokwisha kumwagwa pamoja: huwezi kuomba utolewe gunia la shamba lako peke yake. Tarehe 31 Desemba akaunti za dada zilikuwa na dola 52,000. Ukijumlisha na 8,000 alizotoa unapata 60,000. Msingi wa 24,000 ni asilimia 40 ya kiasi hicho, kwa hiyo dola 3,200 hazitozwi na dola 4,800 hutozwa. Kama tungebaki na msingi wa 6,000 unaoonekana katika karatasi, zisizotozwa zingekuwa dola 800 tu, na dada angelipa kodi mara ya pili kwa fedha zile zile.

Tulianza kwa kukusanya ushahidi: fomu 5498 za miaka yote, pamoja na ritani zenyewe, zinazoonyesha kwamba punguzo halikuombwa. Hapo tukakutana na mtego mmoja. Mchango wa mwaka wowote unaweza kuwekwa hadi katikati ya Aprili ya mwaka unaofuata, na fedha za 2020 dada aliziweka Machi 2021, hivyo taarifa ya benki ya mwaka 2021 ilionyesha dola 12,000 na kunitia hofu kwamba alivuka kiwango. Fomu 5498 ndiyo iliyotenganisha miaka hiyo miwili.

Kisha tukajaza fomu 8606 tatu zilizokosekana, kila moja kwa toleo la mwaka wake, tukaziambatisha kwenye ritani za marekebisho, yaani fomu 1040-X, pamoja na barua fupi ya maelezo. Adhabu ya kutowasilisha fomu hiyo ni dola 50 kwa kila moja, na inaweza kusamehewa kukiwa na sababu ya kuridhisha. Barua ilisema ukweli bila kumlaumu mtu. Dada alitaka kumtaja yule mtayarishaji kwa maneno makali. Nilimsihi ayaweke kwa ajili ya siku atakapompigia simu.

Jambo lililonishangaza zaidi ni muda wa kutunza karatasi hizi. Ritani nyingine mtu anaweza kuzitupa baada ya miaka kadhaa, lakini fomu 8606 na vielelezo vyake hutunzwa mpaka dola ya mwisho itoke kwenye akaunti, na mwenyewe akifariki kabla ya hapo, msingi huo humfuata mrithi, mradi mrithi anaweza kuuonyesha. Kabla ya kuondoka, dada alitoa nakala mbili: moja ya mwanawe, na nyingine ameniachia mimi. Ipo katika kabati la mama, juu ya stakabadhi za ghala za baba, na kwenye jalada nimeandika kwa wino mwekundu tarakimu atakayoanza nayo katika mstari wa 2 safari ijayo, yaani 24,000 kutoa zile 3,200: 20,800.