Mdogo wangu na hii maneno ya mfuko

Naandika usiku huu kabla nisahau vile daktari wa upasuaji alituambia leo.

Mdogo wangu ana kolaitisi, si vidonda vya tumbo vile majirani wa Roysambu wanadhani, hii inashika utumbo mpana na anatoa damu kila akienda choo. Steroidi, zile dawa za kutuliza uvimbe, zikipunguzwa tu inarudi, hata dawa ya dripu imeshindwa, so tumefika kwa oparesheni.

Kilichonipa moyo ni kwamba ugonjwa wake haupandi kwa utumbo mwembamba, ukitoa utumbo mpana wote na puru, ile sehemu yake ya mwisho kabla ya njia ya haja, umeutoa ugonjwa. Watu wa Crohn, ugonjwa mwingine wa kuvimba utumbo, hawana hiyo bahati, yao inaweza kushika popote kuanzia mdomoni, wanakatwa kipande kibovu ama pale pamebana panapanuliwa bila kukata, na bado mara nyingi inarudi hapo hapo waliposhonewa, sanasana kama mtu anavuta sigara.

Nilidhani tutaambiwa achague kifuko cha ndani, ile wanakunja mwisho wa utumbo mwembamba kwa umbo la J na kuushonea chini kwa njia ya haja, madaktari wa London walianza hiyo njia 1978 na Mjapani Utsunomiya akaleta hiyo J 1980. Hapo hauvai mfuko wa kupokea choo nje ya tumbo milele, lakini choo bado ni kama mara tano sita kwa siku, na kifuko chenyewe huweza kuvimba. Halafu daktari akamwangalia akamwambia polepole, wewe ni msichana, kukata huko chini kwa nyonga kunaweza kufanya kushika mimba kuwe kugumu. Kwa hivyo anaweza kutolewa utumbo mpana pekee kwanza, puru ibaki ikichunguzwa na kamera kwa sababu ya kansa, avae mfuko tumboni, hayo mengine aamue akishapata watoto.

Sista alimkalisha, akamsimamisha, akamwambia ainame, ndio akachora na peni alama ya mahali utumbo utatolewa nje, upande wa kulia chini ya kitovu, mbali na mikunjo na mahali mshipi unapita. Akatueleza utumbo utatokeza nje kidogo ndio ile choo ya majimaji isiguse ngozi, maana inachoma.

Mama alinyamaza mpaka kwa matatu ndio akauliza, sasa nani ataoa mtu na mfuko? Iliniuma sana. Huyu mtoto anajua kila choo cha kulipia kutoka Roysambu hadi Odeon, aliacha kazi kwa sababu ya choo, hali chochote akiwa na safari. Hayo ndiyo maisha tunaogopa ataharibu na mfuko? Mimi naona mfuko utamrudishia Nairobi yake.

Yeye mwenyewe amesema anataka hiyo ya kuacha puru, na hakutuuliza. Mama hakujibu, lakini saa hii yuko jikoni anapigia shangazi simu, anataka kujua ni nani kwa familia wanaweza kuja kutoa damu wiki ijayo.