Kunde zangu zilikuwa na mizizi mitupu

Kunde zangu hapa Kisauni zilikuwa na majani ya njano, na kila zikififia niliongeza yuria, mbolea yenye naitrojeni. Siku moja nikang'oa shina: mizizi mitupu. Vile vinundu wanamokaa bakteria wa raizobiamu, wanaonasa naitrojeni ya hewani, havikuwapo. Kumbe ukiilisha kunde yuria nyingi, haina haja ya kuwakaribisha.

Na kisima nacho! Kwamba maji yana chumvi nilijua kwa ulimi, ila mita ya kuazima ilisoma 3.4 dS/m (kipimo cha chumvi majini). Kwa mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kupita 3 ni tatizo kubwa kwa maji ya kumwagilia. Chumvi hufyonza maji kutoka kwenye seli za vijidudu vya udongoni, vikadhoofika.

Yuria nikaacha. Masika yakaosha udongo wetu wa kichanga, chumvi ikashuka chini, nikatia samadi iliyooza vizuri na kutandaza makuti. Kiangazi nachanganya maji ya kisima na ya mvua niliyokinga paani, nusu kwa nusu (tangi ndilo lililonitoa jasho la pesa).

Msimu uliofuata nikang'oa tena, nikapasua kinundu kwa ukucha. Ndani rangi ya waridi: bakteria wako kazini.