Siku Yangu Moja Kwenye Jengo la Mbao

Saa kumi na mbili asubuhi, kukiwa bado giza, ninashuka kwenye treni katika mji mdogo ulio kando ya ziwa Mjøsa, Norway. Mimi ni seremala niliyeanzia kazi Mafinga, Tanzania, kwa kupasua paina, na sasa ninasimamisha nguzo za jengo la ghorofa tisa.

Saa moja tunakutana kwa dakika chache kuzungumzia upepo na kreni, kisha ninashika kipimo cha unyevu na kuchoma sindano zake mbili katika kila ubao mnene ulioletwa jana. Nguzo na mihimili huundwa kwa vibao vyembamba vilivyogandishwa kwa gundi, nyuzi zote zikielekea upande mmoja. Sakafu ni mabamba ambayo kila tabaka limekingama na lile la chini yake ili yasitanuke ovyo. Hutoka kiwandani vikiwa na unyevu wa takriban asilimia 12.

Saa tatu, jua likichomoza, kichwa cha mhimili mmoja kinasoma asilimia 21. Nailoni iliyoufunika ilichanika njiani na theluji ikaingia. Kichwa cha mbao hunywa maji upesi kuliko ubavu, kwa kuwa ndiko mishipa ya mti ilikokatwa, na ukikifunga kikiwa hivyo unyevu hukosa pa kutokea, kuvu wakapata makao. Mwenzangu ananung'unika kwamba kreni inasubiri. Simbishii, ila mhimili huo haupandi leo.

Saa tano, nikila mkate mkavu ambao sijauzoea hadi leo, mjomba ananipigia kutoka nyumbani. Baada ya shikamoo anauliza, kama kawaida yake, kuhusu moto. Ninamweleza kwamba nguzo nene huungua kutoka nje kwa takriban milimita 0.7 kwa dakika, makaa yakikinga kiini, na kwamba vyuma vya viungo hufichwa ndani ya mbao kwa sababu hiyo hiyo. Ninamtajia Mjøstårnet, mnara wa ghorofa 18 na mita 85.4 uliokamilika Brumunddal mwaka 2019, wenye nguzo za pembeni za milimita 1485 kwa 625. Anauliza kama hauyumbi. Huyumba kidogo, kwa kuwa mbao ni nyepesi; ndiyo maana ghorofa zake za juu ziliwekewa sakafu za zege, uzito uutulize. Kuhusu maji, yanayonisumbua siku nzima, hajauliza hata mara moja.

Saa saba tunapachika nguzo mbili. Vyuma bapa vinaingia kwenye mifereji iliyochongwa kiwandani, nasi tunagonga pini. Leo zimeingia zote, jambo ambalo si la kila siku.

Saa tisa giza linarudi, na utabiri unataja theluji. Mhimili wangu uko ndani, mbali kidogo na kipasha joto, maana ukikaushwa kwa pupa utapasuka. Ninapima: 20. Ninaandika namba hiyo kwa chaki pamoja na saa, kisha ninapanda kufunika vichwa vya nguzo kwa turubai na kukaza kamba.