Ndoo Nyekundu ya Msalato

Picha niliyoipenda kuliko zote mwaka ule niliipiga mnadani Msalato, Dodoma, Jumamosi moja ya mapema Oktoba. Mchoma nyama kasimama nyuma ya jiko, kofia kichwani, kisu mkononi, moshi umemzunguka. Niliporudi nyumbani Nkuhungu sikungoja hata kunawa vumbi, nikaitupia kwenye kundi letu la WhatsApp la wapiga picha. Majibu yakamiminika. "Kali!" "Umeua, kaka." Vile vialama vya moto vikapangwa safu nzima.

Halafu mzee mmoja wa kundini, ambaye enzi za filamu alikuwa na studio Majengo, akaandika mstari mmoja tu: "Macho ya huyu baba yako wapi?"

Nilimjibu vibaya. Nilisema huo ndio mtindo wangu. (Sisi wapiga picha tukishikwa pabaya, neno "mtindo" huwa la kwanza mdomoni.) Hakubishana nami mbele za watu. Jioni alinipigia simu, akaipokea shikamoo yangu ya shingo upande, kisha akasema: "Isafishe hiyo picha, kubwa kidogo, uje nayo nyumbani."

Nilikwenda, nusu kwa heshima na nusu kwa hasira. Aliiweka picha mezani barazani, akanyamaza muda mrefu. "Usiniambie kama ni nzuri," akasema. "Niambie jicho lako linakwenda wapi kwanza."

Nikatazama. Jicho lilikwenda moja kwa moja kwenye ndoo nyekundu ya maji ya kunawa, pembeni kabisa kulia. Kwenye simu sikuwahi kuiona! Kutoka hapo likaruka hadi angani, mahali palipokuwa peupe kama karatasi. Kisha kwenye aproni. Uso ulikuja mwisho, na macho kweli hayakuwepo: ukingo wa kofia ulikuwa umeyameza.

Mzee alinieleza bila kunisimanga. Dodoma, mapema Oktoba, jua la saa sita na nusu liko utosini kabisa. Mwenye kofia hana macho saa hizo, upende usipende. Tena kamera hupima mwanga ikidhani kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni rangi ya kijivu. Ikiona anga jeupe na moshi unaong'aa, inapunguza mwanga, na uso mweusi ndio unaolipa deni. Ningepima mwanga usoni kwake, au ningeiongezea kamera mwanga hatua moja, ningempata mtu. Anga ingezidi kuungua, sawa, lakini nani alikuja mnadani kupiga picha anga?

Kisha akakata jalada la daftari vipande viwili vyenye umbo la herufi L, akavilaza juu ya picha na kuvisogeza taratibu mpaka ndoo ikatoweka. Picha ikatulia hapohapo. Nilichukua vile vipande nikaenda navyo. Bado ninavyo, vimechakaa.

Nilipomwambia kuwa maneno yake ya kundini yaliniuma, alicheka. "Choma, chomoa," akasema. "Kosa, kosoa. Anayekosoa anachomoa mwiba. Sasa mwiba haupigwi nyundo, lakini pia hauimbiwi sifa."

Jumamosi iliyofuata nilifika Msalato saa kumi na moja jioni, jua limelala, moshi umepata rangi ya asali. Nilipiga upya, nikihakikisha ile ndoo haiingii. Wiki moja baadaye nikampelekea mchomaji nakala yake. Aliishika kwa ncha za vidole ili asiipake mafuta, akaitazama, akasema: "Kijana, nyama ipo, moshi upo, hata macho yangu yapo. Mkono wangu umeupeleka wapi?"

Katika kuikwepa ndoo nilikuwa nimemkata mkono mmoja, ule wenye kisu. Kundi zima, pamoja na mzee, hakuna aliyeliona hilo.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo nilikuwa mkosoaji wa kupigiwa mfano. Wapi! Nilichojifunza kwanza ni kuwa mkali. Agosti iliyofuata, msimu wa zabibu, binti mmoja mwanafunzi alituma picha kutoka Hombolo: kreti limejaa zabibu, na ukingoni mwa picha mikono miwili imelishika. Niliandika, bila hata salamu: "Picha imepinda, rangi umezidisha, hiyo mikono ya pembeni kata." Yote matatu yalikuwa kweli, au mimi niliona hivyo. Watu wakaweka dole gumba kwenye ujumbe wangu. Yeye akaandika "Asante kaka", na kwa wiki kadhaa hakutuma kitu.

Mzee ndiye aliyeniuliza kama nilimuuliza binti alitaka kupiga nini. Sikumuuliza. Nikampigia simu, nikaomba radhi kwanza, kisha nikauliza. Kimya kidogo. "Nilitaka mikono ya mama, kaka. Zabibu ziliingia tu."

Nilijisikia mdogo kuliko punje ya mtama. Kumbe kasoro ya picha ile haikuwa mikono kuwepo, ilikuwa mikono kukaa pembeni, na kreti kuchukua nafasi yote. Ushauri wa kumfaa ulikuwa kinyume kabisa cha nilichompa: sogea, shuka chini, zabibu ndizo zikatwe. Alirudi shambani kabla msimu haujaisha, akasogea. Sitaieleza picha hiyo, ni ya kwake.

Siku hizi kundini tuna utaratibu, si mkubwa. Anayetuma picha anaandika sentensi moja ya alichokusudia, na anaituma kama faili kwa sababu WhatsApp ikiibana picha huwezi kujua ukungu ni wa lenzi au wa mtandao. Anayejibu anaanza na anachokiona, ndipo aseme anachokifikiri. Wapo walioona ni shule wakajitoa. Vialama vya moto havijapigwa marufuku, ila mtu akivituma bila maneno anaulizwa, "Moto uko wapi hapo?"

Mwezi uliopita nilikuwa Chamwino, akina mama wa Kigogo wanapiga muheme, ngoma zimebanwa mapajani, vumbi linapanda na mikono haishikiki kwa kasi. Niliteremsha kasi ya shata, ule mlango wa mwanga wa kamera, hadi 1/30 ya sekunde ili mikono ivutike kama moshi na nyuso zitulie. Ilinichukua picha mia na zaidi kupata moja. Nikaituma na sentensi yangu: nilitaka mikono.

Yule binti wa Hombolo alijibu wa kwanza. "Shikamoo kaka. Naona mikono minane, naona vumbi, naona mgongo wa mtoto. Mikono iko mbali sana. Ulisimama wapi?"

Nilisimama chini ya mbuyu, kivulini, na lenzi ndefu, nikiona haya kuwasogelea.

Nimeuliza wanacheza tena lini.