Kabla Mito Haijapiga Makofi

Tafakari ya juma: Zaburi 93:3 na 98:8

Wapendwa katika Bwana, masika yakikaribia watunzi wa kwaya hupenda kuchukua Zaburi 98: “Mito na ipige makofi.” Ni andiko la furaha na lina haki ya kuimbwa. Lakini Arusha haijasahau Aprili 2024, maji ya korongo yaliposomba gari la shule likiwa na watoto. Waliozika mwaka ule tunakaa nao benchi moja kila Jumapili. Ukiwaanzishia mto unaopiga makofi, umewafungia mlango wa ibada.

Zaburi zenyewe zimetupangia njia. Kabla ya 98 ipo 93: “Mito imepaza sauti zake, mito imepaza uvumi wake.” Hapo hakuna makofi. Kuna maji yanayonguruma, na Bwana aliye mkuu kuliko ngurumo hiyo. Mtunzi na aanzie hapo.

Uvumi ni kazi ya besi: do ya chini, midomo imefungwa, vipimo vinane (kipimo ni fungu moja la mapigo). Sauti ya tatu waingie na so kwenye kipimo cha tatu. Wapumue kwa zamu, wawili wawili, wala wasivute pumzi wote mwisho wa kipimo, kwa sababu mto haukatiki. Kosa linalojirudia ni kukuza sauti kwa kubana koo: besi hushuka nusu toni bila kujijua, na kinanda kikiingia kipimo cha tisa kwaya nzima inasikika imeachwa chini. Dawa ni kinywa kufunguka taratibu, mm iwe oo, oo iwe aa, na sauti itakua yenyewe. Vile vitufe vya kinanda vyenye milio ya maji na ndege tuviache kabisa. Mungu ametupa pumzi, na pumzi ya mwanadamu ina kutetemeka ambako kitufe hakina.

Mvua juu ya mabati ni rahisi zaidi: kidole kimoja kwenye kiganja, kisha viwili, kisha vinne. Watu hukimbiza mwendo hapa, basi mmoja ashike pigo kwa mguu.

Sasa ndege. Baada ya mvua kubwa, hua hurudi mapema. Mrekodi kwa simu alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza, halafu msikilize kwa nusu ya mwendo. Utasikia milio mitatu, wa katikati ukiwa mzito na mrefu. Neno letu la imani lina umbo hilo hilo: re-HE-ma. Wape sauti ya pili neno hilo: mi fupi, so ya mapigo mawili, mi fupi. “Re” ikae kabla ya kipimo, “he” iangukie pigo la kwanza. Ukianza kipimo na “re”, umemvunja ndege na umelivunja neno. Mara tatu zinatosha. Ikizidi hapo unageuka mchezo wa kuigiza ndege, na msikilizaji anaanza kutabasamu badala ya kuomba.

Olivier Messiaen, Mfaransa Mkatoliki aliyekuwa mpiga kinanda wa kanisa mjini Paris, alitekwa vitani mwaka 1940. Katika kambi ya Wajerumani ya wafungwa wa vita, huko Görlitz, alitunga kwa vyombo walivyokuwa navyo wafungwa wenzake: fidla, selo, klarineti, na piano aliyopiga mwenyewe. Muziki huo, uliotokana na malaika wa Ufunuo 10, ulipigwa mbele ya wafungwa tarehe 15 Januari 1941. Katika sehemu ya tatu kati ya nane, klarineti iko peke yake. Inaanza polepole mno, kama mtu aliye shimoni. Ndipo milio ya ndege inaingia, na baadaye shimo linarudi. Muumini yule hakulificha shimo ili ndege wapendeze.

Kwa hiyo uvumi wa besi usifutwe hua anapoimba. Ubaki chini yake, kwa sauti ndogo. Makofi ya Zaburi 98 yaje ubeti wa mwisho, yakianzwa na watu wawili tu. Na kwaya ikialikwa kwenye ibada ya kumbukumbu ya waliochukuliwa na maji, ubeti huo uachwe: wimbo uishie kwenye rehema ya tatu, mi ya mwisho ibaki juu, isirudi kwenye do, na mwalimu asishushe mikono mpaka kanisa lipumue.