Daftari la oda lilivyonisemea kwa daktari

Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Ngamiani, Tanga. Nashona madera, kanzu za watoto, magauni ya harusi. Watu huniuliza kwa kunong'ona, "Hivi wewe ulijuaje una bipola, huo ugonjwa wa moyo kupanda juu na kushuka?" Sikujua. Nilipimwa, na huko kupimwa ndiko ninakotaka kukueleza, maana wengi wanadhani daktari wa akili anakutazama machoni kisha anakuandikia vidonge vya usingizi.

Baada ya Idd moja niliishiwa. Sikulia, na kulia kungekuwa afadhali. Mwili mzito tangu alfajiri, nazinduka saa tisa usiku na usingizi haurudi, samaki wa nazi wa wifi yangu nikimla naona kama natafuna karatasi. Kitambaa cha mteja kilikaa mezani kimeshachorwa chaki, mkasi uko juu yake, nami nakitazama tu. Kitambaa ukishakikata umekikata, hakirudi, na mimi nilikuwa siwezi kuamua hata nianze na mkono upi. Mteja akija namwambia njoo kesho. Sasa mafundi wote tunasema njoo kesho, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Mama alisema ni mawazo, niyapunguze. Shangazi alisema kuna mkono wa mtu, akanipeleka kwa mtaalamu wake nikafukizwa. Simkejeli shangazi, alikesha nami siku ambazo wengine walikuwa wananipita mlangoni. Zahanati nilieleza kichwa na mgongo, wakatibu kichwa na mgongo. Wifi ndiye aliyechoka kunitazama. "Vaa baibui, twende hospitali ya Bombo."

Daktari wa kliniki ya afya ya akili alianza na dodoso. Linaitwa PHQ-9, la kupima sonona, yaani huzuni ya kiugonjwa; lilitungwa Marekani na kina daktari Robert Spitzer, na sasa linatumika karibu kila mahali. Maswali ni 9, yote yanahusu wiki 2 zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, kula, kujiona hufai, kushindwa kutulia kwenye jambo, mwili kuwa mzito au kuhangaika, na la mwisho, kuwaza kwamba bora ufe au ujidhuru. Kila jibu lina alama, 0 kama halikukusumbua kabisa hadi 3 kama ni karibu kila siku. Jumla ya juu ni 27. Ukifika 10 daktari anakaa vizuri kwenye kiti. Ukifika 20 hali ni nzito. Mimi nilipita 20.

Lile swali la mwisho aliliuliza kwa sauti ileile ya mengine. Nilipojibu ndiyo hakuhamaki. Aliuliza kama kuna lolote nimepanga, na nani analala nami usiku. Watu wanaogopa kumuuliza mgonjwa jambo hilo wakidhani watamtia wazo. Hawamtii. Mimi nilihisi nimetuliwa mzigo.

Akaagiza damu pia: wingi wa damu, sukari, na tezi ya shingo, kwa kuwa tezi hiyo ikilegea mtu huchoka na kusononeka vilevile. Majibu yalikuwa mazuri.

Nikajua sasa naandikiwa dawa ya sonona. Badala yake akauliza, "Kuna kipindi chochote ulikuwa kinyume cha hivi?" Nikasema hapana. Wifi akakohoa.

Wifi alikuwa na daftari langu la oda mkobani, kwa sababu zake: tukitoka hospitali alitaka apite kudai madeni. Akalitoa. Daktari akafungua kurasa za Ramadhani. Mwandiko wangu, ambao kwa kawaida ni mdogo, ulikuwa umepanuka hadi pembeni mwa ukurasa, vipimo vya mteja mmoja vimeingia juu ya vya mwingine, kalamu nyekundu, kalamu ya kijani, michoro ya mishono ambayo hakuna aliyeiagiza. Nguo za harusi nzima zimeahidiwa kwa kesho yake. Majora ya kitambaa yamekopwa. Chini nimeandika kwa herufi kubwa: TAWI PANGANI, TAWI MUHEZA. Kisha Idd, kisha kurasa nyeupe. Akarudi nyuma, mwaka wa kabla yake, akakuta jambo hilohilo kwa udogo.

"Siku hizi ulikuwa unalala kwa saa ngapi?" Kidogo sana, nikasema, na nilikuwa sichoki. Hapo akaniwekea tofauti ambayo sitaisahau: mwenye sonona anautaka usingizi na haupati, mwenye kupanda juu hauhitaji, analala kwa saa tatu tu na kuamka mzima, anaongea haraka, anatumia pesa, anaona kila mpango umeshafaulu. Hali hiyo ikidumu siku 4 au zaidi, ya kiasi, ni dalili. Ikifika wiki na kuvuruga maisha, ni kubwa zaidi. Mimi nilikuwa wa kiasi, ndiyo maana ilijificha. Mwezi wa Ramadhani nani atamshangaa fundi anayekesha? Nilisifiwa! Akauliza ukoo pia, nikamtaja mjomba wa mama aliyewahi kulazwa Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili kule milimani Korogwe. Kwetu huwa hatajwi.

Akaniambia nina bipola. Dodoso, alisema, linapima uzito wa huzuni, halisemi huzuni hiyo ni ya aina gani, na mtu wa bipola akipewa dawa ya sonona peke yake inaweza kumrusha juu. Kwa maoni yangu hilo ndilo kila anayekwenda kupimwa angepaswa kulijua: usieleze siku mbaya tu, eleza na zile ulizong'ara, na nenda na mtu aliyeziona.

Dawa nilipewa karbamazepini. Valproeti, dawa nyingine ya ugonjwa huu, hakuitaka kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, kwani humdhuru sana mtoto tumboni. Karbamazepini nayo si ya kubebea mimba hivihivi, na hupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, ikabidi nihamie sindano. Alinionya kwamba nikiona upele nirudi siku hiyohiyo. Upele sikuupata, ila mwanzoni nilikuwa naona sindano ya cherehani mbili, mtoto wa wifi akawa ananitungia uzi.

Kuinuka kulikuwa kwa polepole hadi kukera. Kilichorudi kwanza ni ladha ya chakula.

Siku hizi kila ukurasa wa daftari una kona yangu mwenyewe: saa nilizolala, na namba ya jinsi moyo ulivyo. Kukosa usingizi ndiko kunakoniwasha, kwa hiyo saa tatu usiku wifi anafunika cherehani, hata kama pindo limebaki nusu. Ramadhani ndiyo mtihani. Saa za dawa tulizipanga na daktari kabla ya mwezi kuandama, na nikishakula daku nalala tena. Oda za Idd nazifunga kumi la kwanza likiisha.

Ramadhani iliyopita wifi aliona herufi zinaanza kunenepa. Hakubishana nami, alinionyesha tu ukurasa, tukaenda kliniki kabla ya siku yetu, dozi ikapandishwa. Wateja waliozoea kuleta kitambaa siku mbili kabla ya Idd wananinunia. Mmoja alihamia kwa fundi wa mtaa wa pili, kanzu za wanawe zikatoka Idd imeshapita, na juzi kaniletea kitambaa cha Idd ijayo.