Siku moja maishani mwangu: mbonyezaji wa kinanda cha mwaka 1693

Saa 10:30 alfajiri. Kengele ya simu. Hamburg mwezi wa Julai saa hizi kumeshapambazuka, kwa hiyo siwezi kusingizia giza. Chai ya maziwa kwenye chupa, mkate na siagi, sweta begani. Kwenye treni watu huniangalia na sweta yangu katika joto lote hili. Wao hawajawahi kukaa saa nne bila kutikisika ndani ya kanisa la matofali.

Saa 11:30. Tunaingia St. Jacobi, kanisa la Mtakatifu Yakobo, kwa mlango wa pembeni. Tunawahi kwa sababu ya kelele tu. Mtaa wa maduka wa Mönckebergstraße uko jirani, na malori ya mizigo yakianza kushusha, sikio halina kazi tena.

Kazi yangu nikiieleza nyumbani Moshi, wanacheka. Ninabonyeza. Mzee, yaani fundi wangu wa kulinganisha sauti, anajipenyeza ndani ya kinanda cha kanisa, kile cha mabomba, katikati ya mabomba yenyewe, mimi nabaki kwenye benchi mbele ya safu nne za vibonyezo. Akisema "inayofuata", nabonyeza inayofuata na kuishikilia mpaka aridhike. Wimbo mzima siwezi kuupiga hata ukinitishia, lakini kila safu hapa nimeipitia kibonyezo kwa kibonyezo.

Fundi wa vinanda Arp Schnitger alikimaliza kinanda hiki mwaka 1693. Kina rejista 60, na kila rejista ni kundi la mabomba yenye sauti ya aina moja, unalolifungua kwa kuvuta kitasa. Mabomba yote ni kama 4,000. Mengine Schnitger mwenyewe aliyakuta humu, kazi ya akina Scherer na ya Fritzsche, mafundi waliomtangulia, akayahifadhi na kuyatumia. Mimi kwa hilo namheshimu kuliko kwa ukubwa wa kinanda.

Saa 12:15 asubuhi. Leo ni zamu ya vilimi. Mabomba mengi humu ni kama filimbi, hewa inapiga ukingo na bomba linaimba. Rejista 15 lakini ni ndugu wa zumari: chini ya kila bomba kuna kilimi cha shaba kinachotetemeka. Joto likipanda, filimbi zinapanda sauti nalo, zumari zinabaki pale pale. Basi wiki ya joto kama hii kinanda kizima husikika kama kwaya iliyogombana. Huwezi kuanza kushusha maelfu ya filimbi, unawapandisha wachache wawafuate wengi.

Nashikilia noti mbili, ya filimbi na ya zumari, kwa pamoja. Zinapigana: wau-wau-wau-wau. Huko ndani Mzee anagonga waya unaobana kilimi, kwa chuma chembamba, tik. Wau, wau, wau. Tik. Wau… wau… Tik, safari hii kidogo sana, kama mtu anayegusa yai. Mawimbi yanalala, noti mbili zinakuwa moja, na kwa sekunde moja au mbili huwezi kusema ipi ni ipi. "Inayofuata."

Sikio hili sikulipata Ujerumani. Nililipata kwenye bendi ya matarumbeta ya usharika wetu, ambako mwalimu alikuwa anakusimamisha mbele ya wenzako ukipiga pembeni ya noti. Ila tarumbeta langu lingepata tabu hapa: noti ya "la" ya kinanda hiki iko kwenye hezi 495 hivi, yaani mitetemo kwa sekunde, ya kawaida siku hizi ni 440. Tofauti ya toni nzima!

Saa 2:00. Nimesinzia. Akasema inayofuata, nikaruka kibonyezo kimoja, naye akagonga waya kabla hajagundua. Kimya. Halafu kichwa kikachomoza kati ya mabomba, vumbi kwenye nyusi. Hakugomba, aliniuliza tu kama nimelala vizuri. Bora angegomba. Ile noti ikabidi irudiwe mara tatu.

Saa 3:30. Malori yameshinda. Tunafunga vifaa, naandika nyuzijoto kwenye daftari.

Saa 5:00. Wageni wanapanda roshani, na swali ni lile lile: hiki ni cha zamani kweli? Nawajibu ni cha zamani na si cha zamani. Mwaka 1917 mabomba ya mbele yalichukuliwa kwa ajili ya vita, bati lilikuwa linatakiwa. Mwaka 1942 watu wakafungua mabomba na masanduku ya hewa, wakayaficha mahali salama. Mwaka 1944 mabomu yakaliunguza kanisa pamoja na sanduku kubwa la mbao lililobaki. Ukarabati mkubwa wa fundi Jürgen Ahrend ulikamilika 1993, miaka 300 kamili baada ya Schnitger. Kwa hiyo mbao unazozipiga picha ni changa. Kilichozeeka ni koo.

Saa 7:00 mchana. Mama anapiga. Shikamoo, marahaba, umekula? Leo namsimulia habari za Bach, yule mtunzi wa muziki, aliyeomba kazi ya kupiga kinanda hapa mwaka 1720. Akajitoa, na kazi ikaenda kwa Heitmann, aliyeweka mark 4,000 kwenye mfuko wa kanisa. Mchungaji Neumeister alichukia, akasema mimbarani kwamba hata malaika akishuka kutoka mbinguni kuomba kazi ile, bila pesa itabidi aruke arudi alikotoka.

"Kumbe hata huko," anasema Mama. Kisha anauliza kama nalipwa kwa wakati.

Mchana uliobaki ni ufagio na kuhesabu bisibisi. Ukisahau moja ndani, itakukumbusha yenyewe kwa kutetema Jumapili katikati ya sala.

Saa 11:00 jioni. Mpiga kinanda amekuja kufanya mazoezi. Mzee ananiashiria nikae. Anaanza polepole, kisha anakanyaga Posaune ya futi 32, rejista ya zumari nzito, na benchi la chini linanitetemesha mapaja kabla sijasikia chochote. Wageni wawili wanageuka kutazama juu. Mimi nasubiri ile noti ya saa mbili. Inapita mara ya kwanza haraka mno. Mara ya pili anaishikilia, ndefu, filimbi na zumari pamoja, na mimi nimebana pumzi nikisikiliza kama kuna wau.

Hakuna. Mzee ameshavaa koti.